Madoa Meusi ya Chunusi, na Jinsi ya Kupima Dawa Yake



Tuseme u msichana wa Kiwanja, na arusi yako imebakiza miezi miwili. Chunusi zimepungua usoni, lakini mahali pa kila chunusi pamebaki doa jeusi. Unajitazama katika kioo, na moyo unalegea. Siku ya soko unapita mbele ya meza ya vipodozi, na mwuzaji anakuonyesha kichupa kisicho na maandiko. "Dada," anasema, "paka hii asubuhi na jioni. Siku saba tu, madoa yatakwisha." Bei yake si kubwa. Jirani yako aliitumia, na uso wake unang'aa. Je, utafanya nini?

Au labda u kijana wa masomo, na wenzako wanakutania kwa sababu ya mashavu yako. Wewe pia umesikia habari za kichupa kile.

Somo hili halikukatazi kutafuta dawa. Madoa haya yanahuzunisha watu wengi, wala si jambo la kuchekwa. Lakini yafaa uipime dawa kwanza, ndipo uikabidhi uso wako. Kupima si kazi ya madaktari peke yao. Ukiwa na daftari, kalamu, kioo na saburi, wewe mwenyewe unaweza.

DOA HILI LATOKA WAPI?

Fikiri jiko la nyumbani. Moto ukiwaka karibu na ukuta, ukuta unashika masizi. Moto ukizimika, masizi yanabaki. Chunusi ni kama moto ule. Inavimba, inauma, ina joto. Ndani ya ngozi mna chembe ndogo zinazotengeneza rangi, na rangi hiyo inaitwa melanini. Ngozi ikiumizwa, chembe hizo hushtuka na kutengeneza rangi nyingi kupita desturi. Chunusi ikipona, rangi ile inabaki. Ndilo doa.

Basi ujue mambo matatu.

Kwanza, doa si uchafu. Kusugua kwa nguvu, kwa jiwe au kwa sabuni kali ya kufulia, hakuliondoi. Kunaumiza ngozi upya, na ngozi iliyoumizwa hutengeneza rangi tena.

Pili, watu wenye ngozi nyeusi hupata madoa haya zaidi kuliko watu weupe, nayo hukaa muda mrefu zaidi. Si ugonjwa wa damu wala si laana. Ni kwa kuwa chembe zetu za rangi zina nguvu, na nguvu hiyo hiyo hutulinda na jua.

Tatu, madoa mengi hupunguka yenyewe. Ngozi ya juu hujibadilisha polepole, ya zamani ikitoka na mpya ikija. Doa lililo juu huhitaji miezi mingi, mara nyingi 6 hadi 12, ndipo lifanane na ngozi ya kando yake. Doa lililoingia chini zaidi laweza kukaa miaka. Shika sana jambo hili la tatu, maana ndilo linalowadanganya watu wengi.

KWA NINI WATU HUDANGANYIKA?

Mtu ana madoa. Anapaka maji ya ndimu, au dawa ya meno, au asali, au mafuta ya duka. Baada ya miezi minne madoa yamepunguka. Anasema, "Dawa imeniponya!" Anawaambia rafiki zake, nao wanaamini, kwa kuwa wamemwona kwa macho yao. Lakini hakuna aliyeuliza hivi: Kama asingepaka kitu chochote, madoa yangalikuwaje baada ya miezi minne? Labda yangalipunguka vile vile. Dawa imesifiwa kwa kazi iliyofanywa na siku.

Ni sawasawa na mtu anayepiga ngoma kila usiku ili jua lichomoze. Kila asubuhi jua linachomoza kweli. Ili kujua kazi ya ngoma, ni lazima usiku mmoja asipige.

Zamani mganga mmoja wa meli alionyesha njia ya kuuliza swali hili. Jina lake James Lind, mtu wa Scotland. Mwaka 1747, katika meli ya vita ya Uingereza iitwayo Salisbury, mabaharia waliugua kiseyeye, ugonjwa wa kutoka damu katika ufizi. Kila mtu alikuwa na dawa anayoisifu. Lind akachukua wagonjwa 12 waliofanana kwa ugonjwa wao, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja. Kisha akawagawa wawili wawili, makundi 6. Wawili wakapewa siki, wawili maji ya bahari, na wengine dawa nyingine, kila kundi yake. Wawili wakapewa machungwa na malimau. Baada ya siku 6 mmoja wa hao wawili aliweza kurudi kazini. Wale wa makundi mengine hawakupona kama hao.

Angalia hekima yake. Hakuuliza tu, "Je, mgonjwa amepona?" Aliuliza, "Je, amepona kuliko mwenzake aliyefanana naye, asiyepewa dawa hii?" Wewe nawe unao wagonjwa wawili wanaofanana, nao wanakaa nyumba moja. Ni shavu lako la kulia na shavu lako la kushoto.

DAWA ZISIZOFAA KUPIMWA HATA SIKU MOJA

Kabla ya kupima, tutoe kwanza zile zenye sumu. Mtu hapimi sumu kwa ulimi wake.

Zebaki. Ni madini mazito yanayozuia ngozi kutengeneza rangi, lakini hupenya ngozi na kuingia katika damu. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humdhuru mtoto tumboni. Mjini Nairobi madaktari waliwachunguza watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili. Waliona ya kuwa 32 kati yao walikuwa wakipaka mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Habari hiyo iliandikwa mwaka 1972. Watu wale walitaka uso mzuri, wakapata figo mbovu. Mataifa mengi yalikubaliana katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuondoa zebaki katika vipodozi, lakini vichupa vya siri vingali vinauzwa.

Haidrokwinoni. Dawa hii madaktari wa ngozi huitumia kwa kiasi kidogo, kwa muda mfupi, wakimwangalia mgonjwa. Lakini ile ya sokoni mara nyingi ina nguvu nyingi, na watu huipaka miaka. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika habari za watu walioipaka muda mrefu. Nyuso zao ziliingia weusi wenye rangi ya buluu, na vipele vigumu vidogo vidogo. Waliipaka ili kuondoa weusi, nayo ikaleta weusi mwingine ulio mgumu sana kuondoka.

Dawa za ukoo wa kortizoni, kama klobetazoli na betametazoni. Hizi ni dawa za kweli za hospitali kwa magonjwa fulani ya ngozi. Ukizipaka usoni miezi mingi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa ya damu inaonekana, na michirizi inatokea. Hila yao ni hii: mwanzoni uvimbe unatulia na uso unang'aa, nawe unafurahi. Kisha chunusi zinarudi nyingi kuliko kwanza. Ukiacha, uso unawaka moto, na kwa hiyo unarudi kuipaka. Hapo umekuwa mtumwa wa kichupa.

Mkorogo, yaani mchanganyiko wa mafuta mbalimbali uliokorogwa na mwuzaji. Usiupime, kwa kuwa hujui kilichomo, naye mwuzaji pengine hajui.

Ndimu. Labda utasema, "Ndimu ni tunda tu." Ni chakula kizuri. Lakini maji yake yakiwa juu ya ngozi, na jua likipiga, ngozi yaweza kuungua, na baada ya kuungua linabaki doa jeusi zaidi.

Basi, soma maandiko ya chupa kabla ya kulipa. Ukiona neno "hydroquinone", "clobetasol", "betamethasone", "mercury", "mercure" au "calomel", rudisha mezani. Ukikosa maandiko kabisa, rudisha mezani. Ukisikia ahadi ya siku saba, rudisha mezani. Rangi iliyoshuka ndani ya ngozi haitoki kwa siku saba bila ngozi kudhuriwa.

ZIMA MOTO KWANZA

Kabla ya kufuta masizi ukutani, zima moto. Kama chunusi mpya zinatoka kila juma, utafuta doa moja na kupata mawili.

Nawa uso mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni ya upole, bila kusugua. Usipake mafuta mazito usoni, wala usiache mafuta ya nywele yateremke katika paji la uso. Usizikamue chunusi. Kidole kinachokamua husukuma uchafu ndani, na moto unaenea. Chunusi zikiwa nyingi, mwulize mganga wa dispensari. Zipo dawa nzuri, kama benzoili peroksidi, ambayo hupakwa kidogo kidogo. Ujue tu ya kuwa hutoa rangi ya nguo na ya foronya, basi tumia kitambaa cheupe.

Kisha jikinge na jua. Kiwanja kiko karibu na Ikweta, na jua la huko hupiga kutoka juu mwaka mzima. Jua huziamsha chembe za rangi, na doa linakolea. Ukienda shambani au sokoni, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, vaa kofia pana au chukua mwavuli. Ukiweza kupata mafuta ya kukinga jua yenye nguvu ya 30 au zaidi, ni vizuri. Usipoweza, kofia si kitu kidogo.

DAWA IPI YAFAA KUPIMWA?

Uliza katika duka la dawa linaloaminika, au kwa mganga. Dawa moja ambayo madaktari huitumia kwa chunusi na kwa madoa yake pia ni asidi ya azelaiki, mara nyingi kwa nguvu ya asilimia 15 au 20. Habari yake yapendeza. Iko ugonjwa wa ngozi unaotia mabaka meupe kifuani na mgongoni, ambao wengi huuita mba. Unaletwa na kuvu ndogo sana. Wataalamu walitafuta sababu ya mabaka yale kuwa meupe, wakaona ya kuwa kuvu ile hutoa asidi hii. Asidi hiyo hiyo imo pia katika ngano na shayiri. Hufanya kazi hasa juu ya chembe za rangi zilizoshtuka, na huiacha ngozi nzima karibu ilivyo. Lakini kazi yake ni ya polepole, na siku za kwanza yaweza kuwasha kidogo.

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, usipake dawa yoyote ya madoa kabla ya kumwuliza mganga. Dawa za ukoo wa vitamini A zisipakwe kabisa wakati wa mimba.

JINSI YA KUPIMA

Hatua ya 1. Pima mkononi. Paka kidogo, kama punje ya haragwe, upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, siku 7. Mahali pakivimba, pakitoa malengelenge, au pakiwaka sana, acha. Dawa hiyo si yako. Usifikiri ya kuwa dawa inayochoma ndiyo yenye nguvu. Ngozi iliyochomwa hufanya doa, kama tulivyosema.

Hatua ya 2. Chagua upande. Usichague upande unaopenda, maana moyo hupendelea. Rusha sarafu, au mwambie mtoto achague mkono wenye jiwe. Upande uliotokea utapata dawa. Upande wa pili utaachwa. Andika katika daftari.

Hatua ya 3. Hesabu madoa. Chagua madoa 3 kila upande, yanayofanana kwa ukubwa, kwa weusi na kwa umri. Chora uso katika daftari na kuweka alama mahali pake. Doa la juma lililopita usililinganishe na doa la mwaka jana, maana jipya hupunguka mapema.

Hatua ya 4. Piga picha. Kaa mlangoni saa tatu asubuhi, mahali pamoja kila mara, uso umenawiwa na haukupakwa kitu. Simu iwe mbali sawasawa. Angalia sana simu yako, maana nyingi zina kazi ya kulainisha uso. Ondoa kazi hiyo, la sivyo simu itakuponya kabla ya dawa. Kama huna simu, tumia kioo na macho ya ndugu yako.

Hatua ya 5. Fanya mamoja pande zote mbili, isipokuwa dawa. Sabuni ni ile ile, maji yale yale, kofia ile ile. Usiongeze dawa ya pili katikati. Ukiongeza, hutajua ni ipi iliyofanya kazi.

Hatua ya 6. Ngoja. Tazama na kuandika kila baada ya majuma 4, hata majuma 12 yatimie. Usijitazame kila saa, kwa maana anayechimbua mbegu kila siku ili aone kama imeota hataiona ikiota.

Hatua ya 7. Tafuta mwamuzi. Majuma 12 yakitimia, mwite mtu mwenye macho mazuri, asiyejua ni upande upi uliopakwa dawa. Usimwambie. Mwonyeshe uso na zile picha za kwanza, mwulize, "Ni upande upi uliopunguka madoa zaidi?" Wewe umelipa franka zako na umevumilia miezi mitatu, kwa hiyo unataka dawa ishinde. Yeye hakulipa kitu, na jibu lake ni safi kuliko lako.

JINSI YA KUSOMA JIBU

Upande wa dawa ukiwa bora wazi wazi, dawa imekusaidia. Sasa paka pande zote mbili.

Pande zote zikiwa zimepunguka sawasawa, si dawa iliyofanya kazi, bali ni siku, kofia na kuacha kukamua. Okoa fedha zako, endelea na hayo.

Upande wa dawa ukiwa mweusi zaidi, au mwekundu na wenye maumivu, acha mara moja. Usingoje majuma 12.

Upande wa dawa ukiwa mweupe kuliko ngozi yako ya asili, hata mahali pasipokuwa na doa, acha pia. Tulitaka doa lirudie rangi ya uso, hatukutaka uso upoteze rangi yake.

Kumbuka pia ya kuwa jibu ulilopata ni la uso wako. Uso mmoja ni shahidi mmoja. Usimwambie jirani, "Hii ni dawa kweli." Mwambie, "Mimi ilinisaidia. Nawe ipime hivi." Ukimfundisha njia ya kupima, umempa kitu bora kuliko jina la dawa.

NENDA KWA MGANGA

Usipime mwenyewe, bali nenda hospitali au kituo cha afya, kama doa halina hisia ukiligusa. Kama linakua, linatoka damu au linabadili umbo. Kama chunusi ni kubwa, za ndani, na zinaacha mashimo au makovu yaliyovimba. Au kama umekwisha kupaka mafuta ya sokoni muda mrefu. Mtu wa namna hii ya mwisho asione haya. Chukua kichupa chako, kionyeshe. Ukiwa ulipaka dawa ya ukoo wa kortizoni miezi mingi, mganga atakuongoza namna ya kuiacha. Ukivimba miguu au uso, au mkojo ukiwa na povu jingi, nenda siku hiyo hiyo, maana yaweza kuwa figo.

NA ARUSI YANGU JE?

Labda utauliza, "Arusi ni baada ya miezi miwili, na majaribio yako ni ya miezi mitatu. Nifanye nini?" Tukujibu kweli: hakuna dawa salama itakayoondoa madoa yote kwa miezi miwili. Lakini ukianza leo kunawa vizuri, kuacha kukamua na kuvaa kofia, siku ile uso wako waweza kuwa na chunusi chache na madoa mepesi kidogo. Poda inayofanana na rangi ya ngozi yako itafunika yaliyobaki. Na yule anayekuoa amekwisha kuuona uso wako. Arusi ni siku moja. Ngozi na figo utakuwa nazo hata uzeeni.

MASWALI YA KUKUMBUSHA

1. Kwa nini doa linabaki baada ya chunusi kupona?
2. Mtu akisema, "Nilipaka, na madoa yakapunguka," utamwuliza swali gani?
3. Taja vitu vitatu visivyofaa kupakwa usoni, na madhara ya kila kimoja.
4. Kwa nini tunapaka upande mmoja tu wa uso?
5. Kwa nini mwamuzi asijue upande uliopakwa dawa?

Ukiweza kujibu haya, siku ya soko utapita mbele ya meza ile bila hofu. Mwuzaji akikuambia, "Siku saba tu, dada," utajua la kumjibu.